Vioo Vyeusi, Gari la Moto: Tinti Inafanya Kazi Gani Hasa?

Fungua mlango wa gari lililoegeshwa Kariakoo saa tisa alasiri, mwezi wa pili, kaskazi imekaza. Joto linakupokea mlangoni. Usukani haushikiki, na kile kichuma cha mkanda kinaunguza kiganja. Sasa tazama vioo: vyeusi tititi, tinti mpya, mwenye gari kailipia mwezi uliopita kwa sababu alitaka ubaridi. Ubaridi wenyewe uko wapi?

Kosa lake nililifanya na mimi. Tunadhani weusi wa kioo ndio kipimo cha kazi yake. Kumbe weusi ni jambo moja, kuzuia joto ni jingine, kukinga ngozi ni la tatu, na kushikilia vigae vya kioo kikivunjika ni la nne. Karatasi inayofanya kazi moja kati ya hizo si lazima iziweze nyingine. Lakini dukani zote zinaitwa tinti, na muuzaji hana haraka ya kukutenganishia.

Tuanze na jua lenyewe. Nishati yake inayofika ardhini imegawanyika mafungu matatu. Lipo fungu dogo la urujuanimno, lisilofika hata asilimia 5, halionekani kwa macho lakini ndilo linaloharibu ngozi na kupausha vitambaa. Lipo fungu la mwanga tunaouona, zaidi kidogo ya asilimia 40. Linalobaki, karibu nusu ya yote, ni infraredi, nalo halionekani. Watu wengi huita infraredi peke yake "joto" na mwanga wakauita "mwanga" tu, kana kwamba mwanga hauna joto. Mwanga ukigonga dashibodi nyeusi ukamezwa humo, unageuka joto kama kawaida. Yote matatu huishia kuwa joto.

Kioo cha kawaida kinayapitisha yote kwa ukarimu, isipokuwa ile sehemu kali ya urujuanimno iitwayo UVB, ambayo huizuia. Yakishaingia, viti na dashibodi huyameza, hupata moto, kisha navyo huanza kutoa mionzi yao wenyewe. Mionzi hiyo ni ya mawimbi marefu zaidi, na kioo hakiipitishi. Ongeza hewa iliyofungiwa isiyo na pa kutokea. Mkulima mwenye kitalu nyumba anaijua hali hii vizuri, tofauti ni kwamba yeye anataka nyanya ziwahi kuiva.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2005 vipimo vya gari lililoachwa juani. Ndani ya saa moja joto lilipanda wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi juu ya joto la nje, na kama asilimia 80 ya ongezeko hilo ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Kuacha kioo wazi kidogo hakukusaidia chochote cha maana. Kwa hiyo nasema mapema kabla sijaendelea: hakuna tinti, ya bei yoyote, inayoruhusu kumwacha mtoto ndani ya gari "dakika mbili tu".

Weusi unakwenda wapi?

Karatasi ya tinti ni poliesta, jamii moja na plastiki ya chupa ya maji ya kunywa, iliyovutwa ikawa nyembamba kuliko unywele. Kampuni ya 3M ya Marekani ilipata hataza ya karatasi ya namna hii mwaka 1966, na lengo lilikuwa majengo, kupunguza jua linaloingia ofisini. Magari yalifuata baadaye. Upande mmoja una gundi, upande wa pili una ngozi ngumu ya kuzuia mikwaruzo, na katikati ndipo penye siri ya bei.

Ya bei ya chini imetiwa rangi tu. Rangi hiyo humeza mwanga unaoonekana, ndiyo maana kioo kinakuwa cheusi, lakini infraredi inaipita kana kwamba haipo. Jicho lako haliioni infraredi, kwa hiyo jicho haliwezi kukuambia kama imezuiwa au la. Unatazama kioo cheusi unasadiki umekingwa, kumbe nusu ya jua inaingia kama ilivyokuwa inaingia jana.

Na hata kile kilichozuiwa hakijapotea. Kitu kinachomeza jua huwa cha moto. Gusa kioo chenye tinti ya rangi saa nane mchana utanielewa. Joto hilo lina njia mbili, nje au ndani. Gari likikimbia barabara ya Bagamoyo, upepo hulichukua kwa nje na unafaidika. Likisimama kwenye foleni au likiegeshwa pasipo upepo, sehemu kubwa zaidi ya joto lile inakurudia wewe. Ndiyo sababu dereva mmoja atakuapia kwamba tinti yake inasaidia na mwingine mwenye karatasi ileile akasema ametapeliwa, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Yangu ya kwanza ilikuwa ya aina hiyo. Nilibandikiwa kando ya barabara kwa bei niliyojisifia nyumbani. Kabla ya miaka miwili vioo vikawa rangi ya zambarau zilizoiva, na watoto wa mtaani wakalipa gari langu jina. Sababu si uchawi. Weusi ule umetengenezwa kwa kuchanganya rangi kadhaa, na urujuanimno hauzivunji kwa mwendo mmoja. Zikitangulia kufa baadhi, zilizobaki zinaonekana zambarau. Mapovu huja baadaye, gundi inapoachia.

Aina ya pili ina tabaka jembamba mno la metali. Hii huakisi jua, hulirudisha lilikotoka badala ya kulimeza, kwa hiyo inazuia joto vizuri zaidi. Ubaya wake ni mng'ao wa fedha unaoonekana kwa nje, na metali ile inaweza kusumbua mawimbi ya redio, ramani ya setilaiti na simu. Ya tatu ni ya kaboni: haiakisi sana, haichuji kuwa zambarau, na kwa joto iko katikati. Ya nne ni ya seramiki, ambayo ndani yake zimo chembe ndogo ajabu za kauri zenye uchaguzi: zinakamata infraredi na kuuachia mwanga unaoonekana. Haina metali ya kusumbua simu. Na hapa ndipo mteja wa Kariakoo anapokataa kusadiki, kwa sababu karatasi nzuri ya seramiki inaweza kuwa nyeupe, karibu haionekani, na bado ikazuia joto kuliko ile nyeusi tititi iliyo jirani yake rafuni. "Sasa nikilipia hii nani atajua kama nimeweka tinti?" Ndivyo alivyouliza mtu mmoja nikiwa nasubiri zamu yangu. Swali la haki, ila halihusu joto.

"Ishirini" ya nini?

Fundi akikuambia anayo tinti ya ishirini, muulize: ishirini ya nini? Kipimo cha kimataifa, ambacho kwenye maboksi huandikwa VLT, kinahesabu mwanga unaopita. Ishirini maana yake asilimia 20 ya mwanga inapita na 80 inazuiwa, hiyo ni nyeusi kwelikweli. Tano ni ile ambayo kwa nje huoni hata umbo la mtu. Sabini inakaribia uwazi. Kwa hiyo namba ikishuka, giza linapanda. Lakini wengine huhesabu kinyume, yaani giza lenyewe. Ndugu zetu walioko Dubai wanaukumbuka mkanganyiko huu: Umoja wa Falme za Kiarabu ulikuwa ukiruhusu tinti ya asilimia 30, yaani inayozuia 30 na kupitisha 70, kisha mwaka 2017 ukapandisha hadi 50. Bahati nzuri 50 ni 50 ukiihesabu kwa upande wowote.

Mtego wa pili wa hesabu ni kuzidisha. Kioo chenyewe, kabla ya karatasi, tayari kinapunguza mwanga. Tuseme kioo cha mlango wa mbele kinapitisha asilimia 78. Ukibandika karatasi ya 70, ambayo mkononi inaonekana nyeupe isiyo na kosa, hesabu inakuwa asilimia 70 ya 78, yaani kama 55. Kipimo cha polisi, pale kinapotumika, hakipimi karatasi. Kinapima kioo na karatasi kwa pamoja.

Mtego wa tatu ndio ninaouona mbaya zaidi, kwa sababu umevaa joho la sayansi. Tangazo linasema karatasi inazuia asilimia 97 ya infraredi. Linaweza kuwa kweli na bado likakupotosha. Infraredi ya jua imeenea kwenye mawimbi yenye urefu wa kutoka nanomita 780 hivi hadi 2,500, na muuzaji anaweza kupima kipande kidogo tu, tuseme kati ya 900 na 1,000, pale bidhaa yake inapong'ara, akakuletea namba hiyo peke yake. Tena infraredi ni nusu tu ya nishati yote. Karatasi nyeupe inayozuia karibu infraredi yote lakini inapitisha asilimia 70 ya mwanga, ukitoa na lile joto linalomezwa kisha kurudi ndani, mwishoni huishia kuzuia karibu nusu ya nishati ya jua. Nusu ni kazi kubwa! Lakini si 97.

Hata lile onyesho la taa dukani, unapowekewa mkono nyuma ya kioo na taa ya joto mbele yake, lina ujanja wake. Taa ile inatoa infraredi kwa wingi kuliko mwanga, kwa hiyo inaipendelea seramiki kuliko jua litakavyoipendelea. Namba ya kuomba ni moja, jumla ya nishati ya jua inayozuiwa, huandikwa TSER. Muuzaji asiyekuwa nayo kwenye karatasi ya kiwanda anakuuzia rangi.

Mkono wa dirishani

Mwaka 2012 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya mwanamume wa miaka 69, dereva wa gari la mizigo kwa miaka 28. Upande wa kulia wa uso wake ni wa mzee wa kawaida. Upande wa kushoto umekunjamana na kunenepa kama wa mtu mwingine aliyemzidi miaka mingi. Marekani dereva hukaa kushoto, dirisha liko kushoto. Kwetu Tanzania, Kenya na Uganda tunakaa kulia, kwa hiyo shavu na mkono wa kulia ndivyo vinavyolipa.

Iliwezekanaje, na kioo kinazuia UVB? Kwa sababu upo urujuanimno mwingine, UVA, unaozama zaidi ndani ya ngozi, na kioo cha mlango hakiuzuii vya kutosha. Kioo cha mbele ni habari nyingine. Hicho ni vioo viwili vilivyogandishwa na utando wa plastiki katikati, ili kikivunjika kisimwagike, na utando huo unazuia karibu UVA yote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima magari 29: vioo vya mbele vilizuia wastani wa asilimia 96 ya UVA, vya pembeni wastani wa 71, na kati ya gari na gari tofauti ilikuwa kubwa mno, kutoka 44 hadi 96. Bei ya gari haikukuambia lako liko wapi.

Hapa ndipo natamani maduka yetu yangebadilisha namna ya kuuza. Karatasi nzuri huzuia asilimia 99 ya urujuanimno hata ikiwa nyeupe kabisa. Kwa mtu mwenye ualbino, ambaye saratani ya ngozi ni adui wa kila siku, karatasi isiyo na giza kwenye madirisha ya gari, ya darasa na ya ofisi ni kinga ya kweli, na haimgombanishi na trafiki. Nimezunguka maduka kadhaa ya Dar kuulizia karatasi hii. Kila mara muuzaji alianza kwa kunionyesha ile nyeusi kuliko zote.

Trafiki na usiku

Kwa nini serikali zinaisumbukia tinti? Sababu ni mbili na mara nyingi zinachanganywa. Moja ni askari anayetaka kuona ndani: nani amekaa, mikono iko wapi. Nyingine ni dereva anayetakiwa kuona nje. Sheria za nchi mbalimbali zinaegemea moja au nyingine.

Uingereza imeegemea kuona. Kwa magari yaliyoanza kutumika tangu tarehe 1 Aprili 1985, kioo cha mbele lazima kipitishe angalau asilimia 75 ya mwanga, na vya milango ya mbele asilimia 70. Vya nyuma fanya utakavyo. Marekani kila jimbo lina lake: California inadai 70 kwenye milango ya mbele wakati Florida inakubali 28, kwa hiyo gari halali la Miami linaweza kuwa kosa likifika Los Angeles. India ilikwenda mbali zaidi ya hao. Mwezi Aprili 2012 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba kioo kinaweza kuwa na giza lile lililotiwa kiwandani ndani ya viwango, lakini karatasi ya kubandika, hata nyepesi, hairuhusiwi kabisa. Nigeria nayo ina sheria ya mwaka 1991 iliyotungwa mahsusi kwa ajili ya vioo vya giza.

Kwetu mzozo una asili yake, nayo ni Japani. Magari mengi yanayoshuka bandari ya Dar es Salaam na Mombasa yametumika huko, na Japani inadai milango ya mbele ipitishe asilimia 70 huku nyuma ikiachwa huru. Ndiyo maana gari linafika likiwa jeusi nyuma na jeupe mbele. Giza lile la nyuma si karatasi, ni rangi iliyochanganywa kwenye kioo kingali uji wa moto kiwandani. Ukikwangua kwa wembe hutoi kitu. Mwenye gari anaona mbele hapalingani na nyuma, anataka "kulinganisha", na kuanzia siku hiyo anasalimiana na trafiki kila kona. Kama lazima ubandike mbele, pata kwanza kiwango kinachokubalika kwa maandishi, kisha fanya ile hesabu ya kuzidisha kabla fundi hajashika wembe.

Mimi hofu yangu si trafiki, ni saa mbili usiku barabara isiyo na taa. Mchana jicho lina mwanga wa ziada, ukilinyang'anya nusu halilalamiki. Usiku halina akiba. Bodaboda asiye na taa ya nyuma, mama anayevuka na ndoo kichwani, mkokoteni wa mbao: hawa wote unawaona kwa tofauti ndogo sana ya giza na giza, na karatasi ya 20 kwenye mlango wa mbele inaimeza tofauti hiyo. Kuna jambo jingine lisilopimwa na mashine yoyote. Kwenye kivuko, mtu wa miguu humtazama dereva machoni ajue ameonwa. Kioo cheusi kinamnyima jibu.

Nyumbani ni kesi nyingine

Wanaonakili tinti ya gari kwenda nayo nyumbani hukosea tena, kwa sababu nyumba haisogei na jua la ikweta lina ratiba yake. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Adhuhuri jua liko karibu na utosi, na mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba linapita utosini kabisa. Jua la utosi haligongi dirisha, linagonga paa, na upenu wa kawaida unalimaliza. Madirisha yanayotazama kaskazini na kusini kwa sehemu kubwa yako salama.

Adui ni magharibi. Saa kumi alasiri jua limeshuka, linaingia chini ya upenu, na kila mita ya mraba ya kioo kinacholitazama inaweza kupokea wati 600 hivi. Dirisha la mita 1.5 kwa 1.2 linapokea zaidi ya wati 1,000: ni kama umeweka pasi ya umeme dirishani na kuiacha inawaka mpaka magharibi. Mashariki hali ni hiyohiyo asubuhi, ila asubuhi nyumba imepoa na wengi hatupo. Kama pesa inatosha dirisha moja tu, bandika la chumba cha kulala kinachotazama machweo, usiulize mengi.

Lakini kabla ya hata hilo moja, jiulize kama dirisha hilo hufungwa. Nyumba zetu nyingi zinaishi kwa upepo. Dirisha la aluminiamu limesukumwa pembeni, upepo unaingia kupitia wavu wa mbu, na hapo karatasi yako ya seramiki imelaliana na kioo cha pili, haizuii kitu. Dirisha lililofunguliwa halina tinti. Karatasi inalipa pale penye kiyoyozi na vioo vilivyofungwa. Kwingine mti, turubai au kibaraza kinaishinda kwa mbali, kwa sababu kivuli cha nje kinalizuia jua kabla halijagusa kioo. Waliojenga Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwa kuta nene za mawe ya matumbawe, vichochoro vinavyotupiana kivuli, na madirisha ya mbao yenye vibao vya kupitisha upepo bila jua, walikwishalimaliza suala hili bila kujua neno infraredi.

Halafu kuna karatasi ya kuakisi, ile ambayo mchana wewe unawaona wapita njia nao hawakuoni. Kiswahili kimeiita kioo na ile ya dirishani na ile ya kujitazamia, na karatasi hii inafanya kitu kimoja kuwa vyote viwili. Ila haina uaminifu kwa upande wowote. Inafuata mwanga: upande wenye mwanga mwingi ndio unaojiona, upande wa giza ndio unaotazama. Jua likizama ukawasha taa, mambo yanageuka. Wewe sasa unajitazama kwenye dirisha lako, na barabara nzima inakutazama wewe ukibadilisha nguo. Pazia lazima libaki.

Jambo moja la kiufundi ambalo mafundi wachache hulitaja: kioo cha nyumba kinaweza kupasuka chenyewe baada ya kubandikwa. Karatasi inayomeza joto hukipasha kioo katikati, kikatanuka, wakati kingo zilizofichwa ndani ya fremu zimebaki za baridi. Ufa huanzia ukingoni. Hatari huongezeka kwenye kioo chenye nyavu za chuma ndani, kioo cha tabaka mbili, au kile kilichokuja na rangi yake kutoka kiwandani. Ukiwa na vioo vya namna hiyo, tafuta karatasi inayoakisi zaidi ya kumeza, au ile ya kubandikwa kwa nje.

Kwenye fremu za biashara sina mengi. Duka la vitenge likizuia urujuanimno litachelewesha kupauka kwa nguo, halitakomesha, kwa sababu mwanga wenyewe na joto navyo vinapausha. Duka lenye giza halivuti mteja. Na usiku, kioo kinachomficha mwenye duka kinamficha pia mwizi aliyekwishaingia.

Lakini kuna karatasi moja ambayo biashara inaihitaji kuliko nyumba, na haina giza lolote: karatasi ya usalama. Ni nene, mikroni 100 hadi 200 na zaidi, na kazi yake ni kushikilia vigae. Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani Nairobi ulipolipuliwa, ulitangulia mlio mdogo zaidi na risasi. Wafanyakazi wa maofisi ya jirani walifanya kile ambacho binadamu yeyote angefanya: walikwenda dirishani kuchungulia. Kisha bomu lenyewe likalipuka. Watu zaidi ya 200 walikufa na maelfu walijeruhiwa, wengi wao kwa vioo, na wako waliopoteza macho. Kioo cha kawaida kikivunjika hakianguki chini tu, kinaruka kama visu. Karatasi nene haizuii kioo kuvunjika, wala haimzuii mtu mwenye nyundo na muda. Inakifanya kivunjike kikiwa kimeshikana. Sharti lake ni kuunganishwa na fremu kwa gundi maalumu kuzunguka kingo. Ikiishia kwenye kioo peke yake, kioo kizima kinaweza kung'oka kama mlango.

Kuhusu fundi: kazi yenyewe ni maji ya sabuni, raba ya kukamua, wembe na mashine ya hewa moto, na adui ni vumbi. Anayebandika kando ya barabara mwezi wa nane, upepo wa kusi unavuma, atakufungia mchanga ndani ya kioo milele. Vidimbwi vya maji vinavyoonekana kama ukungu siku za mwanzo hukauka vyenyewe. Chembe za vumbi hazikauki. Usishushe vioo kwa siku tatu au nne, na usisafishe kwa dawa yenye amonia.

Mimi ile zambarau niliitoa. Milango ya mbele nikaweka karatasi nyeupe ya kuzuia urujuanimno na infraredi, nyuma nikaacha rangi ya kiwandani, na mchana naegesha chini ya mwarobaini wa jirani. Kosa langu la mwisho lilikuwa kioo cha nyuma. Nilimwacha kijana wa gereji aikwangue ile karatasi ya zamani kwa wembe badala ya kuilainisha kwa mvuke, na nyaya zile nyembamba za kukausha ukungu zikatoka pamoja nayo. Dar sizihitaji kamwe. Lakini Julai nikienda Njombe, kila alfajiri kabla ya kuondoka nazunguka nyuma ya gari na kitambaa.